Nataka kusomea saikolojia ya jamii na utamaduni, nianzie wapi?

BintiMuheza: Wadau, habari zenu. Nina shahada ya sosholojia, na huu mwaka wa 4 nakusanya data vijijini kwa miradi ya afya. Mwezi uliopita nilikaa na bibi mmoja barazani kwake akichambua mchicha, mimi nasoma kwenye kishikwambi: "Nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa." Akaniwekea mkono gotini: "Mjukuu wangu, niambie lipi litatuletea chandarua nikujibu hilo." Nikajaza "nakubali". Mpaka leo roho inanisuta. Nataka shahada ya umahiri itakayonifundisha kuuliza watu kwa namna wanavyofikiri wenyewe. Hesabu ni nyingi?

MzeeWaDodoso: Dada, hapo tayari una mada ya tasnifu. Mimi nilisoma London School of Economics kwa Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza. Wanalipia mwaka mmoja, wanataka uwe na saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na ukimaliza unarudi nyumbani kwa miaka 2. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina umahiri wa saikolojia ya jamii, usikipuuze.

Kilichonijenga zaidi ni kutafsiri dodoso. Unatafsiri, kisha mtu asiyeliona la mwanzo analirudisha kwenye Kiingereza. Swali langu la huzuni lilirudi likiwa swali la uchovu! Nikaenda kusikiliza watu wanasemaje: "nina mawazo", "moyo mzito". Zimbabwe walifanya hivyo zamani. Dodoso la Kishona la maswali 14, la mwaka 1997, lilijengwa kwa maneno ya wenyeji, likiwemo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Dkt. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili wa hukohuko, alipoanzisha mabenchi ambako mabibi hukaa kusikiliza watu, mwaka 2006, neno hilohilo ndilo walilotumia.

Takwimu zipo, usizikimbie. Ndizo zitakazokuonyesha kama maswali yako 10 yanapima kitu kimoja.

Njeri_Nbi: Niongezee tu kwamba shahada hii haikupi ruhusa ya kutibu mtu. Hapa Kenya kuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia ya 2014. Na vibali vya utafiti, vinavyotolewa na tume za sayansi na teknolojia, NACOSTI huku na COSTECH kwenu Tanzania, viombe mapema.

BintiMuheza: Asanteni sana, Mzee na dada Njeri. Jumamosi narudi kwa yule bibi, bila kishikwambi. Nitamuuliza akisema ana mawazo huwa anasikia nini mwilini, na huwa anamwambia nani.