Naomba ushauri: saketi ya transista ya kupokelea gitaa la umeme

Ndugu mafundi, nawasalimu kutoka Ujiji, Kigoma. Natengeneza saketi ndogo ya kukaa kati ya gitaa la umeme na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ya kwaya yetu, kwa kuwa pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) isiyo na betri hutaka kupokelewa na ukinzani mkubwa, karibu omu milioni 1, ilhali tundu la mikisa hiyo lina omu 10,000 tu, jambo linaloinyonya sauti na kuzifanya nyuzi nyembamba zisikike kama zimefunikwa blanketi.

JFET (aina ya transista yenye ukinzani mkubwa sana wa kupokelea) kama J201 sijaipata kwa mafundi redio wa hapa, na kuiagiza Dar es Salaam nauli ya kifurushi inazidi bei ya kifaa chenyewe. Transista za kawaida za BC547 ndizo zimejaa. Nimeunga moja ili sauti iingie kwenye besi na itokee kwenye emita (besi, emita na kolekta ndiyo miguu mitatu ya transista), yenye rezista ya omu 10,000. Kolekta iko kwenye betri ya volti 9, na besi inapata nusu ya volti hizo kupitia rezista ya omu milioni 1. Sauti imefunguka vizuri, lakini nikipiga kodi (nyuzi kadhaa kwa pamoja) kwa nguvu inakwaruza. Mita inaonyesha volti 2.6 tu kwenye emita, nadhani kwa sababu mkondo wa besi unaangusha volti katika ile rezista kubwa.

Je, nipandishe volti za kulishia besi hadi 6 hivi, au nipunguze rezista yake iwe omu 470,000 na kukubali kupoteza ung'avu kidogo? Aidha, aliyewahi kutumia JFET iliyomo ndani ya maiki ndogo za redio kaseti, naomba anieleze kama inafaa kwa gitaa.