Nimechoma busta, siku 9 baadae mamogramu inasema tezi za kwapa zimevimba. Ni chanjo au?

mama_pacha
Jamani nisaidieni mwenzenu usingizi umekata. Nilienda mamogramu ya kawaida tu, ile eksirei ya kuchunguza matiti, sina uvimbe sina maumivu, ripoti ikasema matiti yako safi ila mstari wa mwisho wameandika tezi za limfu kwapa la kushoto zimekua, nirudi ultrasaundi. Moyo paa! Nimefika nyumbani navua blauzi naona kiplasta bado kimeacha alama begani ndo nakumbuka siku 9 nyuma nilichoma busta ya korona (ile chanjo ya kuongezea) mkono huohuo wa kushoto, na kwapa liliniuma siku mbili hivi nikapuuza. Pale kwenye picha hakuna aliyeniuliza na mimi sikusema. Inaweza kuwa ndo hiyo au najifariji?

mzee_wa_eksirei
Pole dada. Mimi napiga hizi picha, ripoti anasoma daktari, lakini hii tunakutana nayo sana. Sindano ikiingia begani tezi za karibu ni za kwapa na zile za juu ya mtulinga, upande uleule, na huko ndo seli za kinga zinakofundishwa kumjua adui, zinazaliana kwa wingi basi tezi inanenepa. Ni mtoki uleule unaoupata kinenani ukiwa na kidonda mguuni, hakuna uchawi. Kwenye majaribio ya chanjo ya Moderna zaidi ya mtu 1 kati ya 10 alilalamika kwapa kuuma au kuvimba, na wengine hawasikii chochote inaonekana kwenye picha tu. Chanjo ya mafua nayo inaweza kufanya hivyo. Kosa hapo ni la waliokupokea, mkono gani na tarehe ngapi ni maswali ya sekunde 10.

kibonge_mpole
Kwahiyo asirudi sasa, si chanjo tu hiyo, aache kujipa stresi

mzee_wa_eksirei
Hapana mkuu, arudi!! Picha haiwezi kukuapia kwamba tezi imevimba kwa chanjo, inakuambia imevimba basi. Kwenye ultrasaundi wataangalia umbo, kama ganda lake limenenepa kiasi gani na kama yale mafuta ya katikati bado yapo, halafu mara nyingi wanarudia baada ya wiki 12 kuona kama imenywea. Ikibaki vilevile au ikikua ndo wanafikiria kuchukua kinyama cha kupima. Na kama ingekuwa ngumu kama jiwe, au ipo kwapa la upande ambao hukuchanjwa, usiisingizie sindano.

nimepona_x2
Mimi nilikuwa na limfoma, saratani ya tezi za limfu, kwangu ilikuwa skani ya PET. Wanakudunga sukari yenye mionzi, seli yoyote inayofanya kazi sana inaila na inawaka, sasa tezi iliyotoka kuchanjwa nayo inawaka kama taa, mashine haijui hii ni saratani au ni askari wako wapo mazoezini. Bahati nesi aliandika kwenye fomu "chanjo, kulia, wiki 2". Kwa waliougua saratani ya titi la upande mmoja huwa wanashauriwa wachomwe mkono wa pili au paja, ulizeni.

binti_maswali
Samahani naingilia, mi nina mamogramu wiki ijayo na nimechanjwa juzi, niahirishe?

mzee_wa_eksirei
Usiahirishe. 2021 wataalam wa picha za matiti Marekani walishauri ikiwezekana upige kabla ya dozi ya kwanza au wiki 4 hadi 6 baada ya dozi ya pili, 2022 wakabadilisha, nenda tu siku yako ila taja chanjo kabla hujavua nguo. Kama ni titi lenye uvimbe unaoushika ndo kabisa, hata siku moja usingoje.

mama_pacha
Asanteni sana. Nimewapigia simu asubuhi, yule dada kaandika "busta, kushoto, siku 9" kwenye faili langu, daktari akaisoma akasema ultrasaundi ibaki palepale Alhamisi. Kadi ya chanjo nimeshaitia kwenye pochi. Kwapa nalishikashika kila baada ya dakika tano mpaka mume wangu kaniambia niliache lipumue.