Mke wangu ana ujauzito wa wiki 30. Nasali, lakini moyo hautulii

Mpunga Mbichi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Niko kijijini huku Kilombero, nalima mpunga na nina kiduka kidogo. Mwaka 2022 mke wangu alipata kifafa cha mimba. Mtoto tulimpoteza mimba ikiwa na wiki 32, mama akanusurika kwa neema tu. Sasa ni mjamzito tena, wiki ya 30. Presha ilianza kupanda mwezi uliopita, kliniki wakampa vidonge, na kwa sasa inacheza kwenye 130 na kitu kwa 80 na kitu. Yeye mwenyewe anacheka, anapika, kwaya anaenda. Anayeumwa ni mimi.

Nashtuka saa nane au saa tisa usiku, nawasha tochi ya simu namwangalia kama anapumua. Nilinunua kipimo cha presha mjini, basi akikohoa tu nampima. Nasali, na siku nyingine nafunga. Nikisema amina, hofu iko palepale. Nilimweleza mzee wa kanisa, akanisomea 2 Timotheo 1:7, kwamba Mungu hakutupa roho ya woga, kwa hiyo hofu yangu ni pepo, niikemee. Nimekemea mpaka sauti imekauka. Sasa naogopa mara mbili: naogopa mke wangu asije akafa, na naogopa kwamba huku kuogopa kwangu, kukosa imani kwangu, ndiko kutamponza.

Mtu anamtumainije Mungu huku mwili mzima unatetemeka? Dini yoyote karibuni. Matusi naomba mniachie.

Jirani Mbea

Pole sana mkuu. Nakaa hapa nasubiri wajuzi.

Mzee wa Maswali

Mimi hayo mambo siyaamini, nisikudanganye. Kinachomuumiza mkeo ni presha, na presha dawa yake iko hospitali. Achana na kukemea, kimbizana na hospitali.

Nesi Zamu ya Usiku

Mzee wa Maswali, ameandika kwamba mkewe yuko kliniki na anameza dawa. Soma uzi kwanza ndipo ushauri.

Mleta uzi, mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi, kwa hiyo nianze na ninayoyajua. Hicho kipimo kinakutesa zaidi ya kinavyokusaidia. Unampima usiku ameshtuliwa usingizini, wewe mwenyewe umemtolea macho, na yeye anakuona. Hapo presha ya nani isipande? Mpime asubuhi na jioni, akae ametulia dakika tano, mkono ukiwa usawa wa moyo, andika kwenye daftari, kisha kipimo kirudi kabatini. Ikifika 140 kwa 90 usingoje siku ya kliniki. Ikifika 160 kwa 110 ni dharura, ondokeni saa hiyohiyo.

Lakini usitegemee namba peke yake. Kichwa kuuma sana kusikopoa, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla, mtoto kupunguza kucheza: lolote kati ya hayo, hata kipimo kikisema yuko sawa, twende hospitali. Vidonge asiviache kwa sababu anajisikia mzima. Huo ugonjwa kwa kawaida haumuumi mtu mpaka umeshafika mbali, ndiyo maana mkeo anaimba kwaya.

Una usafiri wa usiku? Kama huna, kuna m-mama, huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito; namba ni 115, kupiga ni bure. Wanatuma ambulensi, au dereva wa hapo hapo aliyesajiliwa kama ambulensi iko mbali.

Upako Moto

Njoo PM nikuunganishe na mtumishi. Kuna mafuta na maji, sadaka yake siyo kubwa. Hiyo ni roho ya mauti inafuatilia ukoo.

Jirani Mbea

Haya, wameshafika. Mods, kazi kwenu.

Mchungaji Jembe

Mdogo wangu, nimekusoma mara mbili. Mimi ni mchungaji wa kanisa dogo la kijijini, na huo mstari niliwahi kufundishwa hivyohivyo. Ila usomwe na unaofuata. Mstari wa 8 Paulo anamwambia Timotheo asiutahayarikie ushuhuda wa Bwana, wala asimwonee haya Paulo mfungwa. Alikuwa anamtia moyo kijana asione aibu kuhubiri. Mume aliyeamka saa tisa kumsikiliza mkewe kama anapumua hayumo kabisa kwenye mazungumzo hayo.

Watakuletea na Wafilipi 4:6, “Msijisumbue kwa neno lo lote.” Ni neno la kweli. Lakini rudi nyuma sura ya 2 ya barua hiyohiyo. Epafrodito, aliyetumwa na Wafilipi kumhudumia Paulo, aliugua karibu na kufa, na Paulo anasema Mungu alimhurumia mgonjwa na yeye Paulo pia, asipate huzuni juu ya huzuni. Kisha anasema anamrudisha kwao ili huzuni yake yeye ipungue. Ni mtu yuleyule, na barua aliiandika akiwa kifungoni. Kumbe anayetuambia tusijisumbue naye alikuwa amekesha na mgonjwa wake rohoni. Na Bwana mwenyewe kule Gethsemane hakukemea kitu. Aliwaambia rafiki zake roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba wakae wakeshe pamoja naye. Wakalala, lakini aliwaomba.

Sasa nikuulize, na kama hutaki kujibu hadharani ni sawa. Yule mtoto wa 2022 mlimzika vipi? Wewe ulikuwepo?

Mpunga Mbichi (mleta uzi)

Mchungaji, sikuwepo. Nilikuwa hospitali na mama, hajapata fahamu vizuri. Walizika wajomba na bibi mmoja, jioni. Niliporudi waliniambia nisiulize sana, kwamba hakuwa amekuwa mtu bado na tutazaa mwingine. Hatukumpa jina. Kesho yake nilienda shamba.

Nesi, asante. Kuhusu kipimo umenifunga mdomo, mke wangu alishasema hivyohivyo. Usafiri ni bodaboda tu, na mvua za masika barabara yetu inakatika.

Mchungaji Jembe

Basi hofu yako ina kaburi ambalo hujawahi kulifikia. Nimewaona wanaume wengi wa namna hii. Mama anakaa ndani analia, akina mama wanamzunguka. Baba anaambiwa kaza, anachukua jembe. Miaka inapita, mimba nyingine inafika wiki zilezile, ndipo kilio kinatoka kwa mlango wa hofu. Huko siyo kukosa imani. Ni msiba uliochelewa.

Ushauri wangu, uupime mwenyewe: muulize mkeo kama yuko tayari mwende pale alipozikwa, ninyi wawili, na kama mnataka mpeni jina. Akisema ngoja kwanza tujifungue, ngoja. Kuhusu sala, acha kukemea. Chukua Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu, na inaanza kwa kumuuliza Mungu hata lini atamsahau mtu wake. Isome kwa sauti kama ilivyo, pamoja na lawama zake. Siku ambayo hata hiyo inakushinda iko ya 88, ambayo inaishia gizani bila kupata faraja, na bado imo kwenye kitabu. Aliyeviweka humo alijua kuna usiku wa namna yako.

Bibi Mnazi

Mwanangu, mimi ni Mwislamu wa Tanga, nimezaa saba na nimezika wawili. Umesema dini yoyote.

Kwetu watu hukimbilia Surat Ar-Ra'd aya ya 28, kwamba kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu nyoyo hutulia. Mimi nilipokuwa na uchungu wa mwanangu wa tano, mambo yameharibika, aliyenishika mkono alikuwa Bibi Mariamu. Soma sura yake, ya 19. Uchungu umempeleka kwenye shina la mtende, yuko peke yake, anasema laiti angekufa kabla ya hayo. Mwanamke aliyeteuliwa, anasema hivyo, wala hakuambiwa nyamaza wewe huna imani. Aliambiwa asihuzunike, kuna kijito chini yake. Kisha akaambiwa atikise lile shina, tende zimwangukie.

Sasa wewe mkulima, unaujua mtende? Mwanaume mzima na nguvu zake hautikisi. Anaambiwa mzazi katikati ya uchungu! Tende zingeweza kushuka zenyewe, Mungu hashindwi. Lakini mkono wake ulitakiwa pale kwenye shina. Mimi niliitegemea hiyo. Dua nilikuwa nayo, na nauli ya hospitali ilikuwa imefungwa kwenye ncha ya kanga tangu mwezi wa saba.

Wewe tikisa lako. Nesi amekupa shina.

Mzee wa Maswali

Shikamoo bibi. Hapo kwenye nauli tumekutana.

Bibi Mnazi

Marahaba. Na wewe nakuombea, upende usipende.

Nesi Zamu ya Usiku

Mleta uzi, kama barabara inakatika, msingoje uchungu kijijini. Mtu aliyewahi kupata kifafa cha mimba haifai kujifungulia zahanati. Ulizeni hospitali kama wana nyumba ya akina mama wanaosubiri kujifungua, au mtafute ndugu mjini, na mtoke kabla mvua haijachanganya. Tarehe apange daktari, na anaweza kuamua mtoto atolewe kabla ya siku zake. Ikiwa hivyo usione kwamba sala imegoma. Tafuta pia watu wawili walio tayari kuchangia damu, na uwe na simu zao.

Na wewe mwenyewe, ukipita wiki nyingine mbili hulali, mwone daktari kwa ajili yako. Mwambie kama ulivyotuambia sisi. Kutolala namna hiyo kunatibika, na mkeo atahitaji mtu aliye macho mchana.

Mpunga Mbichi (mleta uzi)

Nimerudi na mrejesho, wakuu. Kuna shangazi yake Ifakara, amekubali kutupokea, tunahama Jumamosi. Duka atashika mdogo wangu. Damu, mmoja nimempata, wa pili ni yule mzee wa kanisa. Nilimfuata nikamwomba, akakubali palepale, tena akanishika bega hakusema mstari wowote.

Makaburini tulienda jana. Jina tumempa, mtaniruhusu nisiliandike hapa. Usiku bado naamka. Tofauti ni kwamba siwashi tochi, nasoma ile ya 13 kwa simu nimeigeuzia ukutani, na nikifika mstari wa nne hivi mke wangu ananiambia soma kwa sauti basi, na mimi niko macho. Kumbe naye alikuwa halali siku zote hizi, ananificha.

Swali moja nesi: tukihamia mjini kliniki tunaanza upya, au tunaendelea na kadi ileile?

Nesi Zamu ya Usiku

Kadi ileile. Nendeni nayo Jumatatu pamoja na daftari la presha, na ya mwaka 2022 pia kama bado ipo. Ombeni rufaa kliniki ya kijijini kabla hamjaondoka, msiende mikono mitupu.