Majibu ya OCT (kipimo cha picha ya tabaka za nyuma ya jicho): namba zimeshuka lakini mgonjwa anaona vizuri, hii imekaaje?

Dada_Mkubwa: Habari wadau, naomba mnisaidie. Mdogo wangu jicho la kushoto lilianza kumuuma kila akiligeuza, mara ukungu, rangi nyekundu akawa anaiona imepauka kama kitambaa kilichofuliwa sana. Dokta akasema neva ya jicho imevimba, akawekewa dripu za steroidi (dawa za kupunguza uvimbe) siku 3. OCT ya kwanza unene wa nyuzi za neva ulikuwa maikroni 128, sasa baada ya miezi minne imetoka 79, jicho la kulia lipo 98 vilevile. Yeye anasoma meseji vizuri tu ila mimi usingizi sipati, kutoka 128 mpaka 79 si ndo neva inakufa? Dokta alikuwa na foleni ndefu sikuweza kuuliza.

Chumba_cha_Macho: Pole sana dada. Mi nawapiga watu OCT kila siku, na hili swali naulizwa sana. Usitoe 79 kwenye 128, ile 128 ilikuwa na uvimbe ndani yake, haikuwa unene wake halisi. Linganisha na jicho zima, yaani 98, so kilichopotea ni kama maikroni 19. Sikufichi, hizo nyuzi zimekufa na hazioti tena, ila kupungua huku huwa kunatulia kwenye miezi 3 mpaka 6, na shida kubwa ya uwanja wa kuona (eneo lote jicho linaloliona likiwa limetulia) huanza kujionyesha zaidi unene ukishuka chini ya 75 hivi. Kwenye ripoti tafuta pia sehemu ya seli za ganglioni (seli ambazo nyuzi hizo zinatokea), ile safu haivimbi kama hizi nyuzi kwahiyo inaonyesha hasara mapema, ndani ya wiki chache tu. Na mkirudi apimwe mashine ileile, namba za mashine mbili tofauti hazilinganishwi.

Mama_Ilham: Niongezee hapo, kusoma meseji hakutoshi, muombe apimwe rangi na uwanja wa kuona, mimi herufi za ubaoni nasoma zote mpaka mstari wa chini lakini jioni giza likianza kuingia lile jicho ni shida tupu.

Dada_Mkubwa: Asanteni jamani mmenitua mzigo. Akianza kuumwa tena tumnunulie prednisolone (vidonge vya steroidi) duka la dawa wakati tunasubiri klinik?

Chumba_cha_Macho: Hapana dada, tafadhali! Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 1992, waliopewa vidonge vya prednisone (ndugu yake prednisolone) peke yake ugonjwa uliwarudia zaidi kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Maumivu yakirudi nendeni hospitali siku hiyohiyo. Halafu ulizeni kama alishapigwa MRI na kupimwa damu ya AQP4 na MOG (kingamwili zinazoshambulia mwili wenyewe na kuvimbisha neva ya jicho), maana kuna dawa za MS (ugonjwa mwingine wa mishipa ya fahamu unaovimbisha neva hiyo) zinazomzidishia hali mtu mwenye AQP4. Na je anatumia dawa za TB? Ethambutol nayo inaharibu neva ya macho, ingawa hiyo kwa kawaida hushika macho yote mawili na haina maumivu.

Dada_Mkubwa: TB hana. MRI bado, hiyo damu hata hatukuambiwa. Naandika zote hizo kwenye karatasi niende nazo Jumatatu.