Mama analalia ubavu na nyonga inamuuma: godoro gumu au laini?

Bintiye
Shikamooni wakubwa. Mama ana miaka 78, ni mwembamba, na amezoea kulalia ubavu wa kulia. Tulishauriwa tumpe godoro gumu kwa ajili ya kiuno. Kiuno kimetulia, ila sasa anaamka analalamikia bega na nyonga. Leo nikimwogesha nimeona kwenye mfupa wa nyonga pana alama iliyokolea kuliko ngozi ya pembeni. Kaka yangu anataka tutafute godoro laini kabisa. Mimi nasita, maana hata sasa kuinuka kwake ni kazi. Mnashauri nini?

Mkongojo
Godoro gumu ndilo la mgongo. Atazoea tu, mpeni muda.

Muuguzi wa Usiku
Marahaba mwanangu, mpe mama pole. Godoro lisubiri, anza na hiyo alama. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pagusie kwa mgongo wa mkono wako, kisha ulinganishe na nyonga ya pili. Pakiwa na joto zaidi, pakiwa pamekakamaa, au mama akishtuka kwa maumivu, huenda ni kidonda cha mgandamizo kinaanza, hata kama ngozi haijachubuka. Asilalie tena upande huo, msipasugue wala kupakanda, na apelekwe akaonwe.

Mzee Mkongojo, kwa heshima, hapa "atazoea" ni hatari. Mtu akilala chali uzito unatawanyika mgongo mzima. Akilalia ubavu, mwingi unaangukia begani na nyongani. Uzeeni nyama na mafuta juu ya mifupa hiyo yamepungua na ngozi imekuwa nyembamba. Godoro lisipobonyea kuupokea mfupa, ngozi inabanwa katikati na damu haipiti sawasawa. Na hata kwa kiuno, utafiti wa Hispania uliotoka mwaka 2003 kwenye jarida la The Lancet ulifuatilia watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno: baada ya siku 90, waliolalia magodoro ya ugumu wa wastani walipata nafuu kuliko waliolalia magumu.

Laini kabisa nalo silitaki kwa mama. Atazama, kujigeuza kutamshinda, na ukingo utabonyea anapokaa ili asimame. Hapo ndipo wazee wanapoanguka.

Ningekuwa mimi, godoro lingebaki, nikaweka juu yake tabaka la sponji laini la sentimita 5 hivi. Mama akishalala, pitisha kiganja chini ya tabaka hilo, usawa wa nyonga. Ukiusikia mfupa karibu, au sponji iliyobaki haifiki sentimita 2.5, tabaka hilo halimbebi. Halafu mto nyuma ya mgongo, ili aegemee nusu ubavu badala ya kusimamia nyonga yenyewe, na mwingine katikati ya magoti. Ile mito ya duara yenye tundu katikati msiitumie, inabana pembezoni mwa tundu. Kitanda kitakuwa kimepanda kidogo, kwa hiyo hakikisha akikaa ukingoni nyayo zote zinafika chini.

Bintiye
Asante sana mama. Nimepagusa, kweli pana joto kuliko kushoto. Kesho asubuhi tunampeleka. Kuhusu hiyo sponji, muuzaji anasema nzito ndiyo ngumu, kwa hiyo nichukue nyepesi. Ni kweli?

Fundi Sponji
Hapana dada. Uzito wa sponji, yaani kilo kwa mita ya ujazo, unakuambia itadumu kiasi gani kabla ya kubonyea moja kwa moja. Ugumu ni kipimo kingine. Sponji nzito iliyo laini ipo, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Nyepesi itakufa mapema pale pale nyonga inapokaa. Kagua na chaga za kitanda, zikiachana sana godoro linadidimia katikati na hakuna sponji itakayoliokoa. Mama akiweza kwenda, aijaribu mwenyewe kwa kulala, siyo kuikalia, na akae hapo dakika kumi au zaidi. Ila aijaribu kwa ubavu wa kushoto.