Ruta ya Cisco inasahau kila kitu umeme ukikatika, MikroTik haikuwa hivi

Fundi_Makambako
Kamwene wakuu. Nipo Makambako, naangalia mtandao wa chama cha akiba na mikopo: kompyuta 14, printa mbili na kamera za ulinzi. Miaka minne nimekula na MikroTik tu, kale karuta kao kadogo ka hEX. Unafungua Winbox, programu yao ya kusanidi, unabofya, unaenda kunywa chai. Mwezi uliopita bosi kaletewa ruta ya Cisco 1941 ya mtumba kutoka Dar, akasema hii ndiyo ya kikubwa, ifunge.

Nikaifunga. Siku mbili nzima na kebo ya konsoli: anwani, NAT (kompyuta zote kutoka nje kwa anwani moja), DHCP (kuzigawia kompyuta anwani zenyewe), njia ya kwenda tawi la Njombe. Ikakubali. Ijumaa jioni umeme ukakatika, betri ya akiba ikahimili kama dakika 20 ikafa. Jumamosi asubuhi nafika, watu wa marejesho wamejipanga mpaka barazani, ruta inawaka taa vizuri tu, mtandao hakuna. Nachomeka konsoli, inaniuliza kama nataka kuanza usanidi wa mwanzo, yes au no. Yaani kama hatujawahi kuonana!

Nikairudia yote kutoka kwenye daftari. Jumanne umeme tena, na mambo yakawa yaleyale. Muuzaji anaapa mashine ni nzima. Je, ni mbovu, au mfumo endeshi wa Cisco ndivyo ulivyo? MikroTik hata nikiing'oa waya sasa hivi, ikiwaka inakumbuka.

Mzee_wa_Uyole
Kijana, hukuhifadhi. IOS, huo mfumo endeshi wa Cisco, ina mafaili mawili ya usanidi. `running-config` inakaa kwenye RAM, inayofutika umeme ukikatika; `startup-config` inakaa NVRAM, isiyofutika, na ndiyo inayosomwa ruta ikiwaka. Ukipiga amri inafanya kazi papo hapo, lakini kwenye RAM tu, mpaka upige `write memory`. RouterOS, mfumo wa MikroTik, haina mambo hayo, ukibadilisha kitu kinatekelezwa na kuandikwa hapohapo. Ndiyo maana hEX yako ilikuwa inakumbuka.

Unaona ni ujinga, lakini mimi uliniokoa. Nilikuwa nyumbani, naingia kwa mbali kwenye swichi ya Cisco ya mteja wa Tukuyu, nataka kuongeza VLAN 40 (mtandao mdogo ndani ya mtandao) kwenye poti ya trunk, ile inayobeba VLAN nyingi. Nikaandika `switchport trunk allowed vlan 40`. Nimesahau neno `add`. Bila `add` IOS haiongezi, inafuta orodha yote na kubakiza 40 peke yake. VLAN niliyokuwa nimepitia mwenyewe ikakatika, skrini ikaganda. Nikampigia mlinzi: chomoa ule waya mweusi, hesabu mpaka kumi, rudisha. Swichi ikaamka na `startup-config` ya zamani, kana kwamba sikugusa kitu. Ingekuwa MikroTik na sikuwasha Safe Mode, inayofuta mabadiliko muunganisho ukikatika, ningepanda Coaster na mvua ile ya Tukuyu.

Tangu siku hiyo sigusi Cisco ya mbali bila kupiga kwanza `reload in 10`. Nikijifungia nje, baada ya dakika kumi inajiwasha upya. Nikisalimika, `reload cancel`.

Fundi_Makambako
Shikamoo mzee wangu. Ila nilihifadhi, mara zote mbili, ikaniandikia Building configuration na OK. Nimepiga `show startup-config` sasa hivi: yote imo, mpaka njia ya Njombe. Imo, ila ikiwaka haiisomi!

Mzee_wa_Uyole
Marahaba. Basi hapo nimenyamaza.

Dada_Gangilonga
Kaka, piga `show version`, shuka mpaka mstari wa mwisho kabisa, utuwekee hiyo namba.

Fundi_Makambako
Configuration register is 0x2142

Dada_Gangilonga
Nilijua. Hiyo ni kawaida ya mitumba. Aliyekuuzia hakuwa na nenosiri la mwenye ruta wa zamani, akakatiza uwashaji, akaweka 0x2142, ambayo inaiambia ruta iwake bila kusoma `startup-config`. Ndivyo anavyoingia bila nenosiri. Akimaliza anatakiwa kuirudisha 0x2102, ile ya kawaida, na wengi hawarudishi. Ruta yako ni nzima, inatii tu ilichoambiwa.

Kwa kuwa sasa hivi imewaka tupu, USIPIGE `write memory` kwanza, utaandika utupu juu ya kazi yako. Anza na `copy startup-config running-config`. Kisha ingia kila poti unayotumia upige `no shutdown` kuiwasha, kwa sababu zitabaki zimezimwa. Halafu `config-register 0x2102`, hifadhi, `reload`.

Na usiisifu sana MikroTik, kaka. Ukisahau nenosiri la RouterOS unaifuta yote, hakuna mlango wa nyuma kama huu. Mimi hapa Iringa nina Juniper, na kwa maoni yangu mfumo wake, Junos, ndio wenye adabu kuliko zote. Unachoandika hakigusi chochote mpaka useme `commit`. Kabla yake unapiga `show | compare`, inakuwekea alama ya kujumlisha kwenye ulichoongeza na ya kutoa kwenye ulichofuta. Ukiwa mbali unasema `commit confirmed`, usipothibitisha ndani ya dakika 10 inarudi ilikokuwa. Ukivuruga leo, `rollback 1` inakuletea ya kabla yake, na zinatunzwa mpaka 50. Kero yake ni moja: mwezi wa kwanza nilikuwa naandika amri, naona hakuna kinachobadilika, nalaumu kebo.

Mbozi_Net
Huawei nao wana yao, VRP. Inafanana na IOS kwa tabia, ila badala ya `show` ni `display`, badala ya `no` ni `undo`, na kuhifadhi ni `save`. Vidole vinachanganyikiwa wiki mbili tu.

Mzee_wa_Uyole
Junos ni tamu, dada, ila mwambie bosi wa Makambako bei yake uone kama hajarudi kwenye hEX.

Fundi_Makambako
Imerudi. Niliruka ile `no shutdown` ya poti ya ndani, nikapoteza robo saa nikikagua kebo ambazo hazina kosa. Baada ya `reload` mstari wa mwisho unasoma 0x2102. Jioni watu wameondoka nimemwambia mlinzi azime umeme kwenye swichi kuu makusudi, tukakaa gizani na ile baridi mpaka betri ikafa, tukawasha. Imekumbuka yote.

Mzee wa Uyole, ndaga fijo. Dada wa Gangilonga, ukipita Makambako nijulishe, chai ipo. Muuzaji nimempigia, ananiuliza 0x2142 ndiyo nini.