Naomba ushauri: GPU (kadi za michoro) za aina tofauti kwenye mashine moja ya kuchimba sarafu za kidijitali

Habari zenu wakuu. Ninazo GPU mbili, GeForce GTX 1660 Super yenye memori ya gigabaiti 6 na Radeon RX 580 ya gigabaiti 8, ambazo ningependa kuzifunga kwenye kompyuta moja nyumbani ili nichimbe Ravencoin, kwa kuwa Ethereum iliacha kuchimbwa Septemba 2022. Ninafahamu kwamba katika uchimbaji kila kadi hufanya hesabu zake peke yake, hivyo si lazima zifanane. Tatizo ni kwamba nikiziwasha pamoja, baada ya dakika kama kumi hivi skrini huganda, feni huvuma kama mashine ya kusaga, kisha kompyuta hujizima. Ikiwa peke yake, kila moja hukesha bila shida. Pawa saplai ni ya wati 550, na RX 580 nimeichomeka kupitia raiza (kiunganishi cha kuiweka kadi mbali na ubao mama) inayopata umeme kwenye waya wa SATA, ule wa kulishia diski, jambo ambalo sasa linanitia shaka. Je, nianze kwa kubadilisha waya huo, nipunguze kikomo cha umeme cha kila kadi, au nihamie HiveOS, mfumo endeshi wa mashine za kuchimba, ambao huja na draiva za aina zote mbili? Na kwa jinsi uniti za umeme wa LUKU zinavyokwisha, kuna anayebaki na faida kweli?